Kabla Hujalipia Plastiki ya Kunyoosha Meno

Tangazo limefika kisiwani Funzi kabla ya daktari. Unashuka mashua Bodo, unawasha data, na kabla bodaboda hajakufikia simu imeshakuonyesha msichana wa Nairobi au Dubai akivua kitu angavu mdomoni na kutabasamu, meno yamekaa sawasawa. Chini yake pana nambari ya WhatsApp, bei ya kulipa kidogo kidogo na ahadi ya miezi sita. Kijana anayepeleka watalii kuangalia pomboo ameliona. Dada anayepokea wageni hotelini Diani ameliona, na mwalimu anayesimama mbele ya darasa Msambweni vilevile. Wengi wameanza kuuliza kama jambo hili ni la kweli, na kama mtu wa huku kwetu analiweza.

Ni la kweli, na mtu wa huku analiweza. Lakini kuna neno ambalo matangazo hayalisemi, nami nataka nilitangulize. Ukilipia alaina, yaani ile plastiki angavu ya kunyoosha meno, plastiki yenyewe ni sehemu ndogo ya unachokinunua. Kubwa ni jicho la daktari litakaloutazama mdomo wako tangu siku ya kwanza mpaka muda mrefu baada ya meno kunyooka. Aliyepata plastiki akakosa jicho hilo amejinunulia hatari. Na kwa mtu wa kisiwani, ambaye kila safari ya kliniki huanza kwa kuangalia maji, swali la nani atakuangalia, wapi na mara ngapi linapaswa kujibiwa kabla ya swali la bei.

Tuanze na mdomo wenyewe, maana anayejua jino linavyosogea hadanganyiki kirahisi. Jino halikushikana na mfupa moja kwa moja. Kati ya mzizi na taya pana utando mwembamba wa nyuzinyuzi. Ukilisukuma jino polepole, upande unaobanwa seli za mwili hula mfupa kidogo kidogo, na upande linakotoka jino mwili hujenga mfupa mpya. Vyuma vya meno hufanya kazi hivyo, na alaina vilevile. Kila trei ya alaina hutengenezwa ikiwa imetofautiana kidogo na meno yalivyo, ikalisogeza jino kama robo ya milimita, kisha inakuja trei nyingine. Mtu anaweza kupewa trei 20, 30 au zaidi, akibadilisha kila wiki moja au mbili kama daktari atakavyopanga. Mfupa hauna haraka. Anayekuahidi kunyoosha meno yaliyopandana vibaya kwa miezi mitatu anakuahidi kitu ambacho taya lako halikukubali, na jino likisukumwa kwa nguvu kupita kiasi mzizi wake huweza kuliwa na kufupika. Hilo halirudi.

Trei hutengenezwa kwa kupiga chapa ya meno au kuyapitishia skana, kompyuta ikapanga safari ya kila jino hatua kwa hatua, mfano wa taya wa kila hatua ukachapwa kwa printa ya 3D, halafu plastiki ikalainishwa kwa joto na kuvutwa juu ya mfano huo. Fikra yenyewe ilimjia Zia Chishti, ambaye alivaa vyuma akiwa mtu mzima, kisha akapewa ritena, ile plastiki ya kuyazuia meno yasirudi. Aliona kwamba akikaa bila kuivaa meno yanasogea, na akiivaa yanarudishwa. Mwaka 1997, yeye na Kelsey Wirth, aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha Align Technology huko California, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaidhinisha Invisalign. Wote wawili hawakuwa madaktari wa meno. Kwa karibu miaka 20 hataza za kampuni hiyo ziliwazuia wengine wengi, mpaka za kwanza zilipoanza kuisha mwaka 2017. Ndipo soko likafunguka. Leo kliniki yenye skana na printa inaweza kutengeneza trei zake yenyewe, na jina Invisalign limekuwa jina la kila plastiki angavu, hata ile isiyohusiana na kampuni hiyo. Ukiambiwa ni Invisalign, uliza kama ni yenyewe. Ya kliniki si lazima iwe mbaya, ila hupaswi kulipa bei ya moja ukapewa nyingine.

Sasa mdomo unaofaa. Alaina hufanya vizuri kwa meno yaliyopandana kidogo au kwa kiasi, kwa mapengo madogo, na kwa yule aliyewahi kuvaa vyuma utotoni akaacha ritena, meno yakaanza kurudi. Hupata taabu kuzungusha chonge lililojipinda sana, kulivuta jino lililobaki juu lishuke, au kurekebisha taya la chini lililotangulia mbele ya la juu. Huko vyuma bado ni bora, na pengine upasuaji wa taya. Daktari mkweli atakwambia hivyo hata kama ataikosa biashara yako. Wengine huanza na vyuma kwa miezi kadhaa, wakamalizia na alaina.

Nimesikia watu wakisema wanaogopa vyuma kwa sababu vinaonekana. Nawaelewa. Mhudumu wa hoteli au mwongoza watalii hula kwa sura yake. Ila vyuma vina sifa moja kubwa: vinafanya kazi saa 24 bila kutegemea nia yako. Alaina inataka saa 20 hadi 22 kila siku, siku zote, sikukuu na harusi zikiwamo. Ukitoa hizo zinabaki saa mbili, au nne kwa wingi, za kula, kunywa chai na kusafisha meno. Mtu anayejijua kwamba dawa ya siku saba huiacha siku ya nne, avae vyuma. Nasema hivi kwa heshima, maana nimeona pesa nyingi zikikaa ndani ya droo.

Upande mwingine, kwa mkaaji wa Funzi alaina ina faida ambayo wa Nairobi haihisi. Vyuma hutaka kukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, na kipande kikibanduka kwa mfupa wa samaki lazima usafiri. Alaina ikienda vizuri, daktari anaweza kukupa trei za miezi miwili au mitatu kwa mara moja. Hesabu njia yako: mashua hadi Bodo, bodaboda hadi barabara ya Likoni na Lunga Lunga, matatu hadi Ukunda, na kama bingwa wako yuko Mombasa, bado feri au njia ya Dongo Kundu. Siku nzima imekwenda, na ujira wa siku nao. Safari nne zikipungua kwa mwaka ni pesa halisi.

Na kalenda ya kazi hii wavuvi wa Funzi wanayo tayari. Kutoka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15, moja mwezi ukiandama na nyingine mwezi ukiwa mpevu. Daktari akikupangia wiki mbili kwa kila trei, badilisha usiku wa bamvua na hutapotea hesabu hata simu ikiibwa. Nasema usiku kwa sababu trei mpya hubana, na maumivu ya saa za mwanzo ni afadhali yakukute usingizini. Miadi ya kliniki nayo ipange wakati wa maji mafu. Asubuhi ya bamvua kwetu maji hutoka sana, mashua inakaa mbali, unatembea kwenye matope na viatu mkononi, na daktari wa saa nne amekwishaita mtu mwingine.

Kabla ya hayo yote, fizi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa watu wazima walio wengi mno. Watu wameshazoea; wanaona damu kwenye mswaki wakatema na kuendelea. Damu hiyo maana yake ukoga umekaa chini ya fizi na huenda mfupa umeanza kuliwa. Ukiyasogeza meno yaliyosimama kwenye mfupa unaoliwa, unaharakisha yang'oke. Kwa hiyo shilingi ya kwanza isiende kwenye alaina. Iende kwenye kusafishwa meno, kuziba yaliyotoboka na kung'oa yasiyookoleka. Kazi hiyo si lazima uifuate Mombasa. Anza hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni, au kwa afisa wa afya ya kinywa wa jamii aliye karibu nawe, ambaye amesomea kusafisha, kuziba na kung'oa. Akikwambia fizi zako zipumzishwe miezi mitatu kwanza, zipumzishe. Mwenye kisukari aseme mapema, na anayevuta sigara au kutafuna muguka aseme pia. Hayo hubadilisha namna fizi na mfupa vinavyopona.

Baada ya fizi ndipo utafute wa kunyoosha. Kenya wapo madaktari wa meno wa kawaida na wapo mabingwa waliosomea hasa kunyoosha meno na taya. Mabingwa ni wachache, wengi wao Nairobi, na wachache Mombasa. Daktari wa kawaida aliyefunzwa alaina anaweza kukufanyia kazi ndogo vizuri. Kazi kubwa mpe bingwa. Kila mmoja wao lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni hutolewa upya kila mwaka. Orodha iko kwenye tovuti ya Baraza. Andika jina la daktari, kisha jina la kliniki, uone kama leseni ya mwaka huu ipo. Dakika tano zinatosha. Jina lisipoonekana, usione haya kuuliza, na ukijibiwa kwa hasira umeshapata jibu.

Siku ya kwanza daktari wa kweli anafanya kazi nyingi kabla ya kutaja bei. Anapiga eksirei ya mataya yote, kwa sababu jino lililojificha, mzizi uliokatika au uvimbe ndani ya mfupa hauonekani kwa picha ya simu. Anapima kina cha fizi. Anakuuliza kama unasaga meno usingizini. Anakuambia ufunge mdomo aone meno ya juu yanavyokutana na ya chini, maana meno yanaweza kupendeza kwa mbele huku magego hayagusani, na mtu akashindwa kutafuna nyama ya pweza. Anakueleza kama atabandika nukta ndogo za gundi kwenye baadhi ya meno ili trei ipate pa kushika, na kama atapunguza upana wa jino kwa sehemu ndogo ya milimita ili kupata nafasi. Kupunguza huko hakurudi. Unapaswa kujua kabla ya kukubali.

Muulize na haya, kwa adabu lakini bila kuogopa. Trei zikiisha na meno hayajafika, mzunguko wa pili wa trei umo kwenye bei au ni malipo mapya? Mara nyingi mzunguko wa pili huhitajika, hata kwa mabingwa. Nikipata kazi Ghuba katikati ya matibabu, nitapewa skani, eksirei na mpango wangu niondoke navyo? Vijana wetu wangapi wameitwa Muscat au Doha na mkataba wa miaka miwili ukiwa tayari. Na anayerudi kutoka huko na trei nusu asikae nazo tu hadi ziishe. Aombe kumbukumbu zake kwa kliniki aliyoanzia na atafute daktari hapa wa kumpokea kabla hajapanda ndege. Kampuni kubwa zina utaratibu wa kumhamisha mgonjwa kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine.

Picha zako pia ni zako. Kliniki nyingi hupenda kuweka mitandaoni mdomo wa kabla na wa baada. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yako. Ukikataa, matibabu yako hayapaswi kubadilika.

Nifike kwenye biashara inayonitia hofu zaidi, ile isiyo na daktari kabisa. Iko ya aina tatu huku kwetu. Ya kwanza ni kipande cha mpira au silikoni kinachouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku wawili, saizi moja kwa watu wote, kinachodaiwa kunyoosha meno usiku. Hakikupimwa kwenye mdomo wako, hivyo hakijui jino lipi liende wapi. Ya pili ni mtu wa saluni au chumba cha nyuma ya duka anayebandika vyuma vya urembo au kupiga chapa za meno bila leseni yoyote. Ya tatu ndiyo inayowanasa wasomi: vifaa vya kujipimia nyumbani, vinavyotumwa kwa posta na kampuni za ng'ambo, mara nyingi vikinunuliwa na jamaa aliye Marekani au Uingereza kwa mapenzi ya dhati.

Yaliyowapata wateja wa kampuni hizo yanafaa kusimuliwa. SmileDirectClub ilianzishwa Marekani mwaka 2014. Ilimuuzia mtu alaina kwa chapa aliyojipiga mwenyewe au skani ya dukani, na wateja wengi hawakukaa kamwe kwenye kiti cha daktari aliyepanga matibabu yao. Septemba 2019 iliingia soko la hisa ikithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 8. Septemba 2023 ikaomba kinga ya kufilisika, na Desemba mwaka huohuo ikafunga milango. Waliokuwa katikati ya trei waliambiwa huduma imekwisha, na waliokuwa wakilipa kwa mikopo wakaambiwa waendelee kulipa. Oktoba 2024 kampuni ya Dentsply Sirona nayo ikasimamisha uuzaji wa alaina zake za Byte, zilizokuwa zikitumwa nyumbani vilevile. Wamarekani wale angalau walikuwa na daktari wa kumkimbilia mtaa wa pili. Mtu wa Funzi aliyetumiwa sanduku na shangazi wa Minnesota, trei ya tisa ikamuumiza usiku wa kusi, atampigia nani? Shangazi, tunakushukuru kwa moyo wako. Hizo dola zitume, zilipie eksirei na kiti cha daktari hapa.

Katika jambo hili mwanya unastahili maneno yake. Pwani yetu imeuhesabu mwanya kuwa uzuri tangu zamani, mabibi zetu wamesifiwa kwa mwanya wao, na wapo waliotamani kuwa nao wasiupate. Matangazo sasa yanauita kasoro. Kama mwanya wako haukusumbui, hauingizi chakula kikakaa na kuumiza fizi, na unapenda unavyotabasamu, huna ugonjwa wa kutibiwa. Kuufunga kunawezekana, lakini ni miongoni mwa kazi zinazorudi upesi. Mara nyingi daktari hulazimika kugandisha waya mwembamba nyuma ya meno mawili ya mbele, ukae miaka na miaka, na pengine kukata ukano wa mdomo unaoshuka katikati yake. Uamuzi uwe wako mwenye meno, usiwe wa anayekuuzia.

Na tafadhali, wazazi, chungeni watoto na ile video ya kufunga mwanya kwa mpira mdogo. Mpira unavishwa kwenye meno mawili ya mbele, na kweli siku chache mwanya unapungua. Kisha mpira unateleza chini ya fizi, unapanda juu ya mzizi kwa sababu mzizi ni mwembamba kuelekea ncha, unakata nyuzinyuzi zinazolishika jino na kuumaliza mfupa. Hauonekani tena kwa nje. Watoto wamepoteza meno mazima ya mbele kwa njia hii, meno yasiyokuwa na tundu hata moja. Ukimkuta mtoto amefanya hivyo na mpira huuoni, usingoje asubuhi ya pili. Mpeleke hospitali umwambie daktari kuna mpira.

Kwa watoto wengine inatosha kusema kwamba alaina si mwanzo. Mabingwa wa Marekani hushauri mtoto atazamwe na bingwa wa kunyoosha meno akifika miaka 7, wakati meno ya utoto na ya ukubwa yamechanganyika, kwa sababu taya bado linakua na kazi ndogo wakati huo huweza kuepusha kubwa baadaye. Na jino la utoto likioza likang'olewa mapema, ya jirani husogea kuziba nafasi ya litakalokuja. Kwa hiyo meno mengine yaliyopandana huanzia kwenye peremende za miaka minne.

Sasa umelipia, trei ziko mkononi. Maisha ya pwani yatazijaribu.

Manjano ndiyo adui wa kwanza. Samaki wa kupaka, biriani, viazi karai, vyote huipaka trei rangi ya njano kwa mlo mmoja, na zile nukta za gundi kwenye meno nazo hushika rangi. Vua kabla ya kula, kila mara, hata kwa kaimati moja. Kahawa ya baraza ina hatari mbili: rangi, na joto linaloikunja plastiki isikae tena. Mwenye kupenda kukaa barazani akinywa vikombe vidogo vidogo kuanzia magharibi hadi isha, saa zake mbili za siku zimekwishia pale. Anywe kwa mara moja, asukutue, avae, kisha aendelee na mazungumzo. Chai ya sukari ukiwa umevaa ni mbaya zaidi, kwa sababu sukari hufungiwa kati ya plastiki na jino, mate hayafiki kuisafisha, na jino hutoboka pale pale unapoliremba. Maji matupu tu ndiyo ya kunywa trei ikiwa mdomoni. Dafu nalo lina sukari, vua. Kashata haina shida na trei uliyoivua, lakini kashata ngumu hubandua zile nukta, basi ivunje vipande vidogo.

Mahali pa kuiweka ukila ni kwenye kisanduku chake, hapo tu. Wafanyakazi wa hoteli wanajua kinachotokea kwa kitu kilichofungwa kwenye tishu kando ya sahani. Mfukoni inavunjika. Kwenye boti au mbele ya kioo cha matatu saa saba mchana inajikunja. Anayepiga mbizi au kuogelea na mrija aivue nchi kavu, maana haina rangi, inazama, na mkondo wa Funzi haumrudishii mtu kitu. Trei uliyoimaliza usiitupe mara moja. Ihifadhi mpaka umalize ile inayofuata. Ukipoteza ya sasa, vaa ile ya nyuma ili meno yasirudi, halafu mpigie daktari akwambie kama urudie au uruke mbele. Zilizokwisha kazi kabisa zirudishe kliniki, zisiishie kwenye mikoko yetu.

Kuiosha ni kwa maji baridi au vuguvugu na mswaki laini. Maji ya moto hapana. Dawa ya meno huikwaruza ikafifia. Mswaki wa mti uendelee nao kwa meno, ni sunna na ni usafi, ila ongeza mswaki wa nyuzi laini kando ya fizi na kuzunguka zile nukta.

Wiki ya kwanza ulimi hutatizika. Maustadhi na wasomaji wa Qur'ani hulihisi zaidi, kwa sababu wanajua makharija ya herufi na wanasikia tha na dhal zinavyopotea. Soma kwa sauti nyumbani kila jioni na ulimi huzoea ndani ya siku chache. Ukiwa na usomaji mbele ya watu wiki hiyo, ivue kwa muda huo na uzifidie saa hizo usiku.

Ramadhani ina nafuu: tangu alfajiri hadi magharibi huli, trei inakaa mahali pake. Kazi iko usiku, kati ya futari na daku, pale mkono unapokwenda kwenye sahani kila baada ya muda mfupi. Futuru ukamilishe, safisha, vaa uende tarawehe. Daku vivyo hivyo. Kuhusu kuivua na kuirudisha ukiwa umefunga, muulize shekhe wako kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ya mfungo.

Pesa. Matibabu kamili ya alaina kwa daktari hugharimu laki kadhaa za shilingi, na kazi ndogo huwa chini ya hapo. Usihesabu kwamba bima italipa, kwa kuwa nyingi huona kunyoosha meno kuwa urembo. Uliza kwa maandishi. Usilipe zote siku ya kwanza hata ukipewa punguzo. Gawanya: sehemu baada ya mpango kuonyeshwa, sehemu trei zikifika na kukaa sawa, sehemu katikati. Lipa kwenye till ya kliniki, si kwa nambari binafsi ya mtu, na tunza ujumbe wa M-Pesa pamoja na risiti yenye jina lako na kazi iliyolipiwa. Anayekopa kwa chama kwa ajili hii ajiulize kama angekopa kuziba gego linalomuuma; likiwapo gego hilo, lianze.

Mwisho kuna ritena, na hapa ndipo wengi huangukia. Trei ya mwisho ikiisha, zile nyuzinyuzi zinazolishika jino bado zinalivuta kurudi lilikotoka. Miezi ya kwanza utavaa ritena karibu muda wote, kisha kila usiku, na madaktari wengi siku hizi watakwambia usiku huo hauna tarehe ya kumalizika. Ritena hupasuka, hupotea, huchakaa. Siku ile unayouliza bei ya alaina, uliza na bei ya ritena, na omba mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba nyumbani. Ukiacha kuivaa kwa wiki mbili ukarudi ukaikuta inabana sana, usiilazimishe kwa meno wala kuipasha moto ilainike. Isipokaa sawa, ipige picha ikiwa mdomoni, itume kwa daktari, na uulize mashua ya kesho inaondoka saa ngapi.